Aiwezaye Ramadhani, aiweze na Shawwal

Ndugu zetu katika imani, wako wazazi miongoni mwetu wasemao kwamba sigara imewashinda. Tunawauliza kwa upole: je, mchana wa Ramadhani huwashinda pia?

Tangu alfajiri hadi magharibi, saa zipatazo 13 hapa kwetu Afrika Mashariki, mvutaji huyo huyo hukaa bila kuigusa, wala hasemi amenyimwa. Husema amefunga. Sigara haikubadilika, wala hamu yake. Kilichobadilika ni jicho linaloitazama. Kuacha kumekuwa ibada, na ibada haihesabiwi hasara.

Basi tusiiage nia hiyo usiku wa Idi. Hamu ikimjia, asijiambie, "Nimekatazwa." Ajiambie, "Nimeiacha kwa ajili ya Allah na wanangu," kwani moshi wake huwadhuru hata wasiovuta, nao watoto huuvuta wakiwa usingizini. Akiteleza siku moja, asikate tamaa: aliyekosa saumu ya siku moja huilipa, hauachi mwezi mzima. Na uraibu ukimzidi, amwendee daktari. Kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.