Simba wa ndani ya miwani ni wa nani?

Mtoto wa Molo huwajua kondoo, viazi na pareto tangu utotoni. Simba je? Huenda hajawahi kumwona hata mmoja, ingawa wanaishi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Lakini akivalishwa miwani ya kisasa, atamwona simba akimjongelea, na kila akigeuza kichwa ataona nyasi pande zote. Ufundi huu huitwa uhalisia pepe.

Si uchawi. Mnamo 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba kila jicho likipewa picha yake, zilizotofautiana kidogo, ubongo huziunganisha, na mtu akaona vitu vikiwa karibu na mbali. Mwaka wa 1968 Mmarekani Ivan Sutherland aliunda kifaa cha kuvaliwa kichwani, kilichounganishwa na kompyuta. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini! Kufikia 2014 kampuni ya Google ilikuwa imetoa miwani ya kadibodi ambayo mtu hutumbukiza simu yake tu.

Ajabu ni kwamba watunzi wa hadithi waliwatangulia mafundi. Mnamo 1935 Stanley Weinbaum alibuni miwani inayompa mvaaji picha, sauti, ladha na harufu. Mnamo 1950 naye Ray Bradbury akaandika The Veldt, hadithi ya chumba cha watoto ambacho kuta zake huonyesha lolote wanalowaza. Watoto hao waliwaza mbuga ya Afrika yenye simba. Wazazi walipotaka kukizima chumba, watoto waliwafungia humo na simba wakawala.

Mzazi mpendwa, onyo la kwanza hapo ni wazi: ukiiachia mashine malezi, usishangae mtoto akiipenda kuliko wewe. Lakini kwetu sisi liko onyo la pili. Afrika ya chumba kile ilikuwa jua kali, tai na simba basi. Haikuwa na mwenyeji, wala shamba, wala ukungu wa asubuhi kama wa Molo. Mtoto anayeiona Afrika hiyo kila siku anaweza kuiamini kuliko ile anayoikanyaga.

Kwa bahati njema, Wakenya nao wamebuni. Mnamo 1995 Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo hadi nchi ya mbali yenye usawa. Jina lenyewe linasema wale ni sisi. Mwaka wa 2017 wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi walitoa Let This Be a Warning, filamu ya uhalisia pepe kuhusu Waafrika waliohamia sayari nyingine, wakajiwa na mgeni asiyealikwa. Mwaka uliofuata ikaja My Africa, yenye sauti ya Lupita Nyong'o, inayowaonyesha Wasamburu wa Reteti wakilea ndovu mayatima. Humo Afrika ina watu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla ya kumvalisha mwanao miwani hiyo, ivae wewe kwanza, utazame ni nani aliyeutengeneza ulimwengu huo na ni nani ameachwa nje. Na siku nauli ikipatikana, mpeleke Nakuru akamwone simba mwenyewe.