Je, Wajua? Samaki wa Sebuleni Huanza Kuugulia Majini

Je, wajua kwamba vile vidoa vyeupe vinavyomtokea samaki wa mapambo, kana kwamba amenyunyiziwa chumvi, kila kimoja ni makazi ya kiumbe cha seli moja kinachomla kutoka chini ya ngozi? Jina lake la kisayansi, ambalo Mfaransa Fouquet alilitoa mwaka 1876, ni Ichthyophthirius multifiliis. Ukilifumbua, Kigiriki na Kilatini vikiwa vimechanganywa, maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Na kweli anao. Akishiba hubanduka, hutua kwenye changarawe, hujifunga ndani ya kifuko na kujigawanya kuwa watoto mia kadhaa, pengine hata elfu. Watoto wakitoka wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo hufa. Hapo ndipo dawa huwaua. Walio chini ya ngozi na walio ndani ya kifuko haiwagusi, kwa hiyo anayeacha dawa kwa sababu vidoa vimetoweka ameiacha wakati ambapo adui yuko mafichoni akizaa.

Mzunguko huo wote, maji yakiwa na nyuzi 25, huchukua kama wiki moja. Kwenye baridi hurefuka kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Julai hapa Nairobi, usiku wa Karen au Lavington ukishuka hadi nyuzi 11 au 12 na hita ya tangi ikazimika kwa sababu stima imepotea, matibabu ya siku saba hayatoshi.

Vitabu vingi hushauri kupandisha joto hadi nyuzi 30 ili kumchosha chawa huyo. Sawa, ila havikuandikiwa Nairobi. Jiji hili liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na ukielekea Kikuyu unazidi kupanda. Kwa wepesi wa hewa ya huku, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilelile, na ukiyapasha hupungua tena. Chawa naye hutoboa hata matamvua. Mgonjwa wa mapafu unampeleka mlimani, kisha unamfunika blanketi! Panda nyuzi moja moja kwa saa nyingi, na pampu ya hewa isizimwe.

Ishara nyingine mbaya: magamba yakisimama kama manyoya ya kuku aliyepigwa na baridi, samaki amejaa maji mwilini. Mara nyingi figo zimeshindwa kazi. Wachache hupona. Mtenge.

Je, wajua kwamba tangi jipya linalong'aa ndilo hatari kuliko lililokaa? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia ni sumu kwake. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sifongo ya chujio. Osha sifongo hiyo chini ya bomba na klorini itawaua wengi. Isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini. Ya kuitoa klorini ni ile kemikali ya studio za picha za zamani, sodiamu thiosalfeti. Iliyokuwa ikifanya picha idumu karatasini ndiyo inayomwokoa samaki.

Sasa njoo Kileleshwa au Kilimani. Maji ya bomba hutoka kwenye mabwawa kama Sasumua na Ndakaini, yanayolishwa na mito ya Nyandarua, na ni maji laini. Mgao ukibana, msimamizi wa jengo hufungulia kisima kirefu bila kumwambia mtu, na maji ya visima vya Nairobi kwa kawaida yana magadi, yanayopandisha pH. Kwenye maji yenye asidi kidogo, karibu amonia yote hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Mwenye samaki hubadilisha maji Jumamosi asubuhi, na kufikia mchana wote wako juu wakitweta. Hukimbilia dukani kununua dawa ya matamvua, wakati karatasi ya kupima pH ingemweleza yote.

Samaki mgeni naye akae peke yake wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na maji ya mfuko wa dukani yamwagwe. Ukiwa na kidonda mkononi, vaa glavu: Mycobacterium marinum, jamaa ya bakteria wa kifua kikuu, alitambuliwa mwaka 1926 kwa samaki wa Philadelphia. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana kwa binadamu huota kwenye vidole, penye ubaridi. Uvimbe usiopona ukikupeleka kwa daktari, mtajie tangi lako.

Na hayo magadi yanayowaua samaki wa sebuleni, kusini-magharibi mwa Nairobi kuna perege mdogo anayeishi ndani yake, pH ikiwa karibu 10 na baadhi ya chemchemi zikizidi nyuzi 40. Ni Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi. Amonia ingemkwama mwilini, maana maji hayo hayaipokei. Mwaka 1989 wanasayansi walieleza ufundi wake katika jarida la Nature: haitoi kabisa. Huigeuza kuwa urea, kama wewe na mimi.