Je, wajua? "Kufeli" lina ndugu Kasongo

Mwanafunzi wa Dodoma akikosa alama husema amefeli. Mwenzake wa Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare huko mashariki mwa Kongo, ni Mswahili vilevile, lakini shuleni kwake matokeo hutolewa kwa Kifaransa. Asiyefikisha asilimia 50 katika Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huambiwa ame-échouer, neno ambalo Wafaransa hulitumia pia kwa chombo kilichopanda mwamba.

Mzizi wa kufeli ni Kilatini, fallere, yaani kuhadaa. Ulizaa faillir ya Kifaransa cha kale, nayo ikavuka bahari na Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066, ikawa fail. Waingereza wakaileta katika shule za Kenya na Tanganyika, nasi tukaipa "ku" yetu.

Mzizi huohuo ulipitia Italia na Ufaransa ukazaa faillite, hali ya mfanyabiashara aliyeishiwa mtaji. Neno hilo liliingia Kongo pamoja na Wabelgiji. Kwa hiyo Ziwa Tanganyika limewatenga ndugu wawili: mashariki anaanguka mtahiniwa, magharibi linaanguka duka.

Kabla ya wakoloni, misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, ilikwishafika Kasongo kwa njia ya Ujiji na Kabambare, ikiendeshwa kwa mikopo ya Unguja. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na neno lao la hofu: kufilisika. Asili yake ni Kiarabu, fals, sarafu ya shaba. Aliyefilisika ni yule ambaye fedha yake imegeuka shaba tupu. Na fals yenyewe imetokana na follis, sarafu ya Warumi!

Siku hizi vijana mtandaoni huandika "fail" peke yake chini ya picha ya mtu aliyeteleza. Wengi husema chanzo chake ni mchezo wa video wa Kijapani wa mwaka 1998, Blazing Star, uliomwambia aliyeshindwa kwa Kiingereza kibovu: "You fail it!"

Neno linaloeleweka Dodoma na Kasongo bila mkalimani ni kushindwa, na lina jambo ambalo hayo mengine hayana: humdai mshindi. Ukisema umeshindwa, utaulizwa: na nani? Na hesabu, na deni, au na uvivu wako?