Theluji Iliyotangulia Habari Yake

Kwetu mwambao, mtu akitaka kujua juma litakuwaje, hutazama pepo kwanza. Kaskazi ikishika, kusi ikianza kupiga, au tukiwa katika tanga mbili, wakati pepo hazijaamua zivume kutoka wapi, nahodha ajua la kufanya na chombo chake. Wazee walihesabu siku tangu Nairuzi, wakazigawanya miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walisafiri na kurudi.

Lakini hebu fikiria, ndugu msomaji, nchi ambayo siku moja yaweza kuanza kwa joto la kumvua mtu koti na kuisha kwa baridi ya kumwua. Nchi hiyo ipo, nayo ni majimbo ya katikati ya Marekani, kandokando ya mto Mississippi na Maziwa Makuu ya huko. Watu wa pande hizo husikiliza taarifa ya hali ya hewa ya siku saba zijazo kwa makini yale yale ambayo wavuvi wetu huangalia bamvua na maji mafu. Na taarifa ikitaja theluji ya mapema pamoja na upepo mkali, hakuna anayeifanyia mzaha. Wana sababu yao, nayo ni juma moja la mwezi wa Novemba mwaka 1940.

Kabla ya kufika huko, yafaa tuelewane juu ya theluji yenyewe. Theluji si barafu ya kutilia maji ya ndimu, wala si mvua ya mawe. Mwaka 2008 ardhi ilipofunikwa weupe karibu na Nyahururu, habari zilienea kwamba theluji imeanguka. Wataalamu wakaeleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Theluji hasa huteremka kimya kimya kama usufi uliopeperushwa, na ikiwa peke yake watoto huichezea. Ubaya wake huja inapopandwa na upepo. Huko Marekani dhoruba haipewi jina kamili la tufani ya theluji mpaka upepo ufikie kilomita 56 kwa saa, mtu asiweze kuona mbele ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu. Angalia hapo: kipimo hicho hakitaji theluji iwe na kina gani. Kinataja upepo, na kinataja upofu.

Basi juma lenyewe lilianza mbali sana na watu waliokuja kufa. Alhamisi, tarehe 7 Novemba 1940, daraja kubwa la Tacoma, katika jimbo la Washington kwenye pwani ya magharibi, lilianza kujipinda kwa upepo kama mkeka unaokung'utwa, kisha likakatika na kuanguka majini. Daraja hilo lilikuwa halijatimiza hata miezi mitano tangu lifunguliwe. Hakuna mtu aliyekufa, na habari yake ilizungumzwa kama ajabu ya uhandisi. Wajuzi wa hali ya hewa huihesabu dhoruba iliyoleta upepo ule kuwa ndiyo ile ile iliyovuka milima ya Rocky siku zilizofuata. Ilipotelemka upande wa pili ilikutana na hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, na nyuma yake ikaja hewa ya baridi kali kutoka Kanada. Mambo mawili hayo yakikutana hayakutani kwa salama.

Jumatatu, tarehe 11, ilikuwa siku ya mapumziko, ya kukumbuka kumalizika kwa vita vya 1914 hadi 1918. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la desturi ya Novemba. Wawindaji wa bata mwitu wakachukua mashua zao ndogo na bunduki za marisau, wakaingia katika vinamasi na visiwa vya mto Mississippi baina ya Minnesota na Wisconsin. Wengi walivaa nguo nyepesi. Utabiri uliotolewa ulikuwa umetaja baridi kuongezeka na theluji kidogo, basi.

Na bata walikuja! Walikuja makundi kwa makundi, maelfu, wakiruka chini chini karibu na maji, na waliosalimika walieleza baadaye kwamba hawakupata kuona bata wengi namna ile maishani mwao. Mwindaji gani angeondoka wakati huo? Lakini bata hawakuja kwa ajili ya wawindaji. Walikuwa wakikimbia. Habari ambayo haikufika kwa redio ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu, na watu wakaipiga risasi.

Mchana upepo uligeuka. Mvua ikawa chembe za barafu, barafu ikawa theluji, na upepo ukapanda kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda juu. Mahali pengine kipimo cha joto kilishuka zaidi ya digrii 25 za Selsiasi kabla siku haijapita. Maji ya mto yalisimama mawimbi ambayo mashua ndogo haikuweza kuyakata, kwa hiyo aliyekuwa kisiwani alibaki kisiwani. Wengine walipindua mashua wakajificha chini yake. Wengine walizunguka mti usiku kucha, wakipigana ngumi na wenzao ili damu isisimame. Wengine walikaa chini wapumzike kidogo, na hao ndio waliokutwa asubuhi wamekuwa wagumu kama magogo. Katika jimbo la Minnesota walikufa watu 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji. Katika majimbo yote waliokufa wakaribia 150.

Mahali paitwapo Collegeville theluji ilifika kina cha sentimita 68. Upepo uliisukuma ikarundikana kama fungu za mchanga, na mafungu mengine yalifika mita sita, yaani nyumba ya ghorofa moja imezikwa na paa lake.

Wasomaji wetu walio wana wa bahari huenda wakataka kujua yaliyotokea majini. Ziwa Michigan ni ziwa kwa jina tu. Meli za shehena hupita humo kama baharini, na mabaharia wa huko waiogopa Novemba kama wetu walivyoiogopa kusi kali ya katikati ya mwaka, bahari ilipofungwa. Siku ile upepo ulipogeuka kuelekea upande wa Michigan, pwani hiyo ya mashariki ikawa ukuta wa kugongea. Meli William B. Davock na Anna C. Minch zilizama na watu wao wote. Ya tatu, Novadoc, ilipandishwa fungu karibu na mji mdogo wa Pentwater ikavunjika vipande viwili. Mawimbi yaliwachukua watu wawili. Waliobaki, 17, walikaa ndani ya chuma kile wakiganda kwa baridi mpaka tarehe 13, chombo cha wavuvi kiitwacho Three Brothers kilipotoka kuwafuata na kuwaleta pwani wakiwa hai. Wavuvi wale hawakuwa na mashine kubwa wala jeshi nyuma yao. Waliijua pwani yao tu.

Mwingine wa kutajwa ni rubani Max Conrad wa mji wa Winona. Upepo ukiwa bado mkali, aliondoka na ndege ndogo aina ya Piper Cub, akawa anapita juu ya vinamasi akiangusha makopo yenye chakula, viberiti, sigara na, desturi ya watu wale, pombe kidogo, kisha akawaelekeza waokoaji kwa mashua mahali alipoona mtu. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1959 aliruka peke yake kutoka Casablanca, Morocco, hadi Los Angeles bila kutua. Wengi humkumbuka kwa safari hiyo. Mimi ningemkumbuka kwa yale makopo.

Kwa nini theluji ya mapema ni mbaya kuliko ile ya katikati ya baridi? Kwa sababu haimkuti mtu, mnyama wala mti tayari. Jimbo la Iowa lilikuwa na mashamba makubwa ya matufaha. Miti ilikuwa bado haijalala, maji ya uhai yangali yakipanda ndani yake, baridi ikaipasua. Wakulima wengi hawakupanda tena matufaha. Waligeukia mahindi na soya, na anayepita Iowa leo akaona mahindi hadi upeo wa macho hadhani kwamba usiku mmoja wa Novemba ulikuwa na mkono katika jambo hilo.

Mambo yalipotulia watu waliuliza: mbona hatukuambiwa? Jibu lilikuwa la aibu. Utabiri wa eneo hilo kubwa ulitoka katika ofisi moja tu ya mji wa Chicago, mamia ya kilomita kutoka kwenye vinamasi, na ofisi hiyo ilikuwa haina mtu wa zamu usiku. Dhoruba ilipokuwa ikipata nguvu, hapakuwa na aliyeitazama. Baada ya maafa hayo zamu iliwekwa saa ishirini na nne, na ofisi nyingine, pamoja na ile ya Minneapolis na Saint Paul, zikapewa kazi ya kutabiri za kwao. Taarifa ya juma ya mahali, ambayo leo huonekana kitu cha kawaida, ina maiti nyuma yake.

Hapa nataka nigusie neno lenyewe, kwa kuwa wapo kati yetu wanaolisikia vibaya. Husemwa: mvua ni katika mambo ambayo ujuzi wake kamili ni wa Mwenyezi Mungu, basi huyu wa redio anatabiri nini? Lakini kutabiri ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo asili yake ni kufasiri, kama ifasiriwavyo ndoto. Si kupiga ramli. Mtabiri wa hali ya hewa ana mbele yake vipimo vya joto, vya mgandamizo wa hewa na vya upepo, na tangu mwaka 1960 ana picha za setilaiti pia; anavifasiri. Nahodha atazamaye wingu akakunja tanga hajadai kujua ghaibu. Na mtabiri mkweli hasemi “itanyesha” akanyamaza. Husema nafasi ya kunyesha ni kadha katika mia, jambo ambalo kwangu lina adabu zaidi kuliko maneno ya wengi wanaoapa.

Ufasiri huo umeendelea sana. Kwa hesabu ya wataalamu, kila miaka kumi imeongeza karibu siku moja ya utabiri wa kutegemewa. Hata hivyo siku saba hazina uzito mmoja. Ya kwanza na ya pili mtu aweza kuzipangia safari. Ya sita na ya saba humwambia tu upande ambao mambo yanaelekea, na mwenye busara huziuliza tena kesho yake. Wala mji mmoja hauna hali moja. Novemba 2014, katika mji wa Buffalo penye Ziwa Erie, vitongoji vya kusini vilifunikwa na zaidi ya mita moja na nusu ya theluji, na kaskazini, mwendo mfupi wa gari, watu walikuwa na sentimita chache. Ziwa lilikuwa bado na joto la kiangazi. Upepo wa baridi ulipolivuka ukanyonya unyevu, ukaumwaga wote katika ukanda mwembamba.

Na tusidhani habari ikifika mapema kazi imekwisha. Mwanzoni mwa Oktoba 2013, huko South Dakota, onyo lilitolewa kabla. Lakini ng'ombe walikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, mbali na kinga ya mabonde, manyoya yao ya baridi hayajaota. Kwanza mvua iliwalowesha, halafu theluji na upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa vikawafuata. Mji wa Rapid City ulipata sentimita 58, zaidi ya ilivyotazamiwa. Ng'ombe waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mfugaji mwenye kundi lililotawanyika kwenye uwanda usio na mwisho, akipewa siku mbili, atawakusanya wangapi?

Haya si ya mbali kama yanavyoonekana. Minneapolis, mji ule ule wa Minnesota, leo una maelfu ya Waislamu wenye asili ya Kisomali, na wengine kutoka Kenya, wenye jamaa Mombasa, Lamu na Garissa. Mwaka 2023 baraza la mji huo liliruhusu adhana itolewe kwa vipaza sauti kwa sala zote tano, mwaka mzima. Sasa mwenye kutoka alfajiri ya Novemba kwenda msikitini lazima ajue kusoma taarifa ya juma. Akiambiwa hali ya hatari yatazamiwa, hununua chakula na dawa na kujaza mafuta gari. Akiambiwa onyo limetolewa, hakai kungoja kuona, husali nyumbani. Na hutazama namba ya upepo kabla ya ile ya theluji, kwa kuwa baridi ya digrii 10 chini ya sifuri, upepo ukienda kilomita 50 kwa saa, ngozi huisikia kama digrii 22 chini ya sifuri, na masikio ndiyo ya kwanza kuganda.