Nywele Zilizomezwa Zaweza Kuziba Matumbo

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya ugonjwa usiojulikana na wengi. Wako watoto, hasa wasichana, wenye mazoea ya kung'oa nywele zao na kuzila kwa siri. Tumbo haliwezi kuyeyusha unywele. Nao, kwa utelezi wake, hausukumwi mbele kama chakula. Basi nywele hujisokota hata zikawa donge gumu lenye umbo la tumbo lenyewe, na pengine mkia wake hushuka ndani ya utumbo ukauziba. Daktari Baudamant wa Ufaransa aliandika habari ya donge la namna hii mwaka 1779. Wasemao ni uchawi wajue kwamba nywele zile ni za mtoto mwenyewe.

Mtoto hukonda, hushiba upesi, hutapika, na juu ya kitovu huweza kushikika uvimbe mgumu. Mtazameni kichwani kama pana kipara. Wengi hudhani ni michango, wakampa haluli. Nayo ni hatari kubwa, kwa maana utumbo uliozibwa waweza kupasuka. Apelekwe hospitali upesi. Donge kubwa hutolewa kwa kupasuliwa. Akipona asipigwe wala kuchekwa, bali huzuni au hofu iliyomtia mazoea hayo itafutwe, asije akazila tena.