Kipa, ganzi ya vidole isikufanye uanze kutema mipira

KIPA akitonesha enka, uwanja mzima unaona. Vidole vikifa ganzi usiku anajua mwenyewe, na wengi asubuhi wanafunga bandeji, wanavaa glovu na kurudi langoni.

Ganzi ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, kidole cha mwisho kikabaki salama, mara nyingi mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya ukanda mgumu. Aliyewahi kuvunjika kifundo yupo hatarini zaidi.

Daktari huanza na kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, au sindano ya kupunguza uvimbe. Ikigoma, ni kisu tu.

Hapo njia ni mbili. Ya kwanza, kiganja kinachanwa sentimita chache na ukanda unakatwa. Ya pili, kamera inapitishwa kwenye tundu dogo na ukanda unakatwa kwa ndani. Mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ya kamera huwahisha kurudi kazini, lakini baada ya miezi kadhaa matokeo hufanana. Hivyo klabu isiyo na fedha ya kamera isisubiri. Nguvu ya kushika nayo hurudi taratibu, kwa wiki hadi miezi, kocha asiharakishe.

Kibaya ni kuchelewa. Msuli wa chini ya kidole gumba ukishasinyaa, hata upasuaji unaweza usiurudishe. Na kipa asiye na gumba imara hadaki, anatema tu.