Mgombea akija ibadani, akae benchi kama wengine

Ibada ya Jumapili ikiisha katika makanisa mengi ya Kyela, kazi huhamia nje, chini ya mwembe. Aliyekosa fedha ya sadaka ameleta mkungu wa ndizi, debe la mpunga, chupa ya mawese au jogoo aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa anavinadi kimoja kimoja. Ukitaka kujua siasa imefika wapi kijijini, achana na mahubiri, tazama mnada huo. Siku za kawaida balozi wa CCM hupandishiana bei na kijana wa CHADEMA kwa ajili ya jogoo mmoja, watu wakacheka. Uchaguzi ukikaribia, wapo wanaoaga kabla mnada haujaanza, na zipo ndizi ambazo fulani hazinunui ng'o, kwa kuwa anajua zimetoka shamba la nani.

Watu wa mwambao huu si wageni wa kugawanywa. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wa Misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa, kisha wakagawana nchi: Wamoravian magharibi, Walutheri wa Berlin mashariki. Ndiyo maana Ipyana, kituo kilichoanzishwa mwaka 1894, ni ya Wamoravian, na Matema ni ya Walutheri, ingawa babu wa watu wa huko hawakuwahi kubishana hata siku moja juu ya Martin Luther. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga, Malawi ya leo, walikuwapo Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Na bado watu wa kingo zote mbili walisikilizana lugha, wakaoana na kuzikana.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Septemba 9, 1914 jeshi la Wajerumani lilipambana na Waingereza pale Karonga. Songwe, mto ambao watu waliuvuka kwenda harusini, ukawa mpaka wa adui na adui. Mkristo wa Ipyana akahesabiwa mtu wa Kaisari, shemeji yake wa Karonga akahesabiwa mtu wa Mfalme George, na wote wawili wakatwishwa mizigo ya ugomvi wa Ulaya. Kusini zaidi, Chiradzulu, Mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini mwishoni mwa mwaka huo akilalamikia Waafrika kufa katika vita isiyo yao, serikali ikaizuia. Januari 1915 akaongoza uasi, na Februari akauawa.

Upande wa Kyela mambo yalikwenda njia nyingine, na mimi naona ndiyo isiyosimuliwa vya kutosha. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, watu wasio na joho wala mshahara wa uhakika. Waliofika kuwasaidia walikuwa Waskoti wa Livingstonia, watu wa upande uliokuwa adui tangu 1914. Wazee wakawapokea. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta makanisa yapo. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wakaondolewa tena, na wenyeji wakashika tena. (Kuta za ofisi zetu za makanisa zimejaa picha za wazungu wenye ndevu, walimu wale wa 1916 picha zao huzikuti.)

Walichoweza wazee wale ni kuitenga Injili na bendera ya aliyeileta. Sisi leo tunashindwa kuitenga na bendera ya chama.

Tazama msimu wa kampeni. Sheria inakataza kampeni katika nyumba za ibada, hivyo mgombea anakuja kama muumini. Anakalishwa mbele. Anapewa dakika chache "za kusalimia". Anaahidi mabati, saruji, spika za kwaya, na wiki inayofuata kwaya ina wimbo wenye jina lake. Muumini wa chama kingine ameketi palepale na kikapu cha sadaka mbele yake, akijiuliza kanisa ni la nani. Huo si uinjilisti. Ni mkutano wa hadhara uliofunguliwa kwa sala.

Lakini kukwepa siasa si sawa na kunyamaza. Machi 2018 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa waraka wa Pasaka uliogusa hali ya nchi. Baadhi yao hawakuusoma katika dayosisi zao, na Msajili wa Jumuiya akawaandikia KKKT akitaka waufute. Agosti 2023 maaskofu Katoliki walitoa tamko kupinga mkataba wa bandari na DP World. Waumini waligawanyika kote kuwili, na haikuwa dhambi kugawanyika. Tatizo lilianza pale waliotofautiana walipoacha kupeana mkono wa amani.

Jambo zito zaidi ni Oktoba 29, 2025. Siku hiyo ya uchaguzi mkuu watu waliuawa katika maandamano na vurugu mijini, intaneti ikazimwa nchi nzima, na CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Tangu hapo kila anayetaja marehemu anasukumwa achague neno: wahuni au mashujaa. Mnyakyusa hana mzaha na msiba. Hata uliyegombana naye unakwenda kumlilia. Usharika unaweza kuwaombea waliokufa kwa majina yao, na kuwakalia matanga wazazi wao, bila kutamka lolote kati ya maneno hayo mawili. Mchungaji anayeombea "amani ya taifa" kila Jumapili huku akiwaruka wafiwa walioketi mstari wa tatu, amekwisha kuchagua upande.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni mwaka 2029, na mkuu mwaka 2030. Muda upo. Mabaraza ya wazee, Ipyana hadi Matema, yakae sasa, kabla hakujawa na jina la mtu mezani, yaandike katika mihutasari yao: mgombea akija anakaa benchi kama wengine, hapewi kipaza sauti, na akitaka kutoa, atumbukize kikapuni au asubiri mnada.